Mashine ya Fulu

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne mwaka huu tulimzika bibi yangu huko Misungwi, kwenye shamba la mjomba, kati ya mihogo na mpera. Maji hayako karibu. Mwanamke aliyezaliwa akisikia ziwa, akaolewa akisikia ziwa, amelala sasa mahali ambapo hata kisima ni safari.

Baada ya matanga sikurudi moja kwa moja Kiseke, ninakoishi na cherehani yangu. Nilifika mjini nikatafuta gari la Igombe. Sikuwa na shida yoyote huko, wala ndugu aliyebaki. Nilitaka tu kuona kama nguzo bado ipo.

Nguzo ipo. Ni bomba la chuma lililosimikwa kati ya majabali mawili, hatua chache kutoka majini, na siku hizi watu hutundikia nyavu zinazosubiri kushonwa. Rangi imetoka karibu yote. Lakini ukisogea, upande unaotazama nchi kavu, utaona jicho moja lililochorwa, na katikati yake tundu dogo ambapo palikuwa na taa. Wapita njia wanadhani ni mchezo wa watoto. Ni kweli, tulikuwa watoto. Nikakaa kwenye jabali na mfuko wangu wa nguo za msibani. Basi kaa na wewe, rafiki yangu, nikueleze ile nguzo ilikuwa ya nini.

Nililelewa na Bibi pale Igombe, na Bibi alikuwa mtu wa dagaa. Wakati wa giza, mwezi usipotoka, mitumbwi ilikuwa inarudi alfajiri imejaa, na kina mama wanashuka na ndoo huku wakitaniana na wavuvi. Bibi alikuwa na chanja yake, meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu mkuukuu, na juu yake tulimwaga dagaa na kuwatandaza. Kutandaza kuna namna yake. Unafungua kiganja, vidole vinakwenda vyepesi kama unampapasa mtoto aliyelala, ukikandamiza wanavunjika. Jua likipanda wanabadilika rangi, wanang'aa kama bati jipya, na harufu inaingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye sare ya shule. Wenzetu waliokaa upande wa uwanja wa ndege walikuwa wanatuita "wa chumvini". Sikuumia sana. Mchana nilikuwa na kazi ya kufukuza yangeyange na kunguru, na jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa na nyanya mpaka wakalia wanapotafunwa.

Lazima nikueleze pia habari za fulu. Kwenye vitabu wameandikwa furu, lakini ulimi wa Kisukuma haupendi kuhangaika na hiyo herufi, na nyumbani kwetu walikuwa fulu. Ni samaki wadogo wa ziwani, wenye nyama, wengine wekundu, wengine wa buluu. Bibi alisema alipokuwa msichana walijaa mpaka watoto waliwachota kwa vitenge. Kisha sangara wakaja, wakawala. Enzi zangu aliweza kutokea mmoja au wawili katikati ya ndoo ya dagaa, na Bibi alimwokota, akamlaza peke yake kwenye kona ya chanja, kama mgeni. Hakumuuza. Tulimla sisi, na mchuzi wake. "Ziwa halinyimi," alikuwa anasema, "linachelewesha." Aliamini watarudi.

Adui wa dagaa ni mvua. Mvua ya Mwanza huja kutoka ziwani, unaiona kabla haijakufikia, nyeupe, kama mtu anayekunjua shuka juu ya maji. Ukiiona, unakimbia. Pwani nzima inakimbia, kila mtu kwenye turubai lake. Dagaa aliyelowana akiwa nusu mkavu anachacha, hafai tena kuliwa na mtu, anakuwa chakula cha kuku. Na Bibi goti lake lilikuwa limeanza kukataa kukimbia.

Siku moja alianguka akiwa anavuta turubai. Jirani yetu, mama mmoja wa Kijita mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, ndiye aliyemwinua. Habari zikafika Misungwi, mjomba akaja. Akakaa kwenye kigoda, akanywa uji, akasema alichokuja kusema.

"Mama, siku ukianguka tena, nakuja na gari. Tunapakia vitu, tunaondoka."

"Misungwi nitaanika nini?"

"Michembe nayo inaanikwa, mama."

"Michembe," Bibi alisema, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Viazi vikavu. Wewe umewahi kumwona kunguru anaiba michembe? Hata kunguru haitaki."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mjomba naye alicheka, lakini hakuondoa neno lake. Na mimi nilielewa. Bibi akienda Misungwi, nami nakwenda, na shule yangu, na wenzangu, na kile chumba cha barafu, vyote nitaviacha.

Chumba cha barafu ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Lilikuwa jengo la zamani la kuhifadhia barafu ya samaki, limeachwa, na mwalimu wetu wa sayansi aliliomba kwa wenyewe ili kila Jumamosi tukutane humo. Alikuwa kijana kutoka Bukoba, mpole, mikono ya shati imekunjwa daima. Aliweka katikati ya chumba maboksi ya vitu vilivyokufa: redio, feni, midoli ya betri, tochi, saa za ukutani. Alituambia tuvifungue. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo na hakuitoa tena. Ukikwama, ukimwita, alikuwa anakuja, anainama, anatazama, anasema, "Mimi sina mikono. Mikono ni yenu. Umeme unaingia wapi? Unataka kutokea wapi?" Halafu anaondoka. Ilitukera. Lakini siku feni yangu ya kwanza ilipozunguka, ya mota ya mdoli na mapanga ya chupa ya plastiki, nilijua hakuna mkono mwingine ulioigusa isipokuwa wangu. Hewa yake ilikuwa ndogo, haitikisi hata unyoya. Niliiweka mbele ya uso mpaka betri ikaisha.

Yeye ndiye aliyetuletea neno roboti, ambalo sisi tulilisema loboti, naye hakutusahihisha. Tulidhani ni mtu wa bati. Akasema hapana. Mashine ambayo inahisi jambo, kisha inatenda yenyewe bila kuambiwa, hiyo tayari ni roboti, hata isiyo na kichwa. Akatuuliza: hapa Igombe, ni jambo gani mngependa lihisiwe na mashine? Wenzangu walitaja wezi wa nyavu, walitaja mamba. Mimi nilisema mvua.

Ilituchukua msimu mzima wa kiangazi. Kihisio cha mvua kilikuwa ubao mdogo uliozungushiwa nyaya mbili za shaba zisizogusana, katikati yake karatasi iliyolowekwa maji ya chumvi ikakaushwa. Tone likiangukia karatasi, chumvi inayeyuka, umeme unapita. Mimi ndiye niliyezungusha zile nyaya, kwa sababu vidole vyangu vilizoea dagaa na havikuwa na papara. Mota ilikuwa ya waipa ya gari bovu, tuliyopewa na mzee Mhindi mwenye duka la spea mjini, aliyetuuliza maswali mengi kuliko mwalimu. Mota ilizungusha rimu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo, rimu ikavuta kamba, kamba ikavuta turubai juu ya chanja ya Bibi toka mwanzo hadi mwisho. Betri ilikuwa ya pikipiki, nayo imechoka, ikichajiwa na kipande cha sola.

Siku tuliyoifunga, Bibi aliizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Macho yake yako wapi?"

Mwalimu akasema haihitaji macho, Bibi, inahisi kwa ule ubao. Bibi akasema kitu kinacholinda lazima kione. Basi tukaipaka macho mawili makubwa, na kwenye jicho la kushoto tukapachika taa ya kijani, ile inayowaka betri ikijaa. Tulimwaga maji ya kopo juu ya ubao. Kimya kidogo, halafu mota ikaguna, na turubai likaanza kutambaa lenyewe, polepole, mpaka likafunika chanja yote. Jirani aliruka nyuma. Bibi hakuruka. Aliligusa turubai kwa kiganja, kisha akaitazama nguzo na kuisalimia kama mtu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana jambo lote liko hapa. Betri ile ikiwa nusu, ilivuta turubai hadi katikati tu, ikafa. Kwa hiyo ilibidi swichi izimwe jioni, sola ichaji tangu asubuhi, na mashine iwashwe betri ikiwa imejaa, kama saa nne hivi. Saa nne sisi tuko darasani. Ni Bibi ambaye angewasha. Mwalimu alimwonyesha swichi, akamwelekeza kwa heshima na kwa maneno ambayo sisi sote tulikuwa tunayatumia pale chumba cha barafu.

"Bibi, kabla hujawasha, hakikisha ni fulu. Kama si fulu, usiwashe kabisa. Utaiua."

"Kama si fulu, nisiwashe," Bibi akarudia.

"Safi kabisa, Bibi."

Akarudia bila kukosea hata neno. Mwalimu alifurahi sana kwa hilo. Siku zilizofuata watu walikuwa wanakuja kuitazama ile nguzo yenye macho, na Bibi aliwaeleza, "Hii ni mashine ya fulu." Mwalimu alisikia akatugeukia: mnaona, mtu mzima huyu, ameshika somo la chaji kuliko nyinyi. Sisi tukacheka kwa fahari. Jirani aliuliza mara moja, "Na wa kwetu sisi wengine tutawafunika na nini?" Tukadhani anatania tu, kama kawaida yake.

Neno moja lilikaa kichwani mwangu sehemu mbili, nyumbani na kwenye chumba cha barafu, na kamwe hazikukutana. Nimelifikiria sana hili nikiwa kwenye cherehani. Betri kuwa fulu, ndoo kuwa fulu, gari kuwa fulu, hiyo ilikuwa lugha ya mjini, ya redio na makondakta. Bibi alikuwa hapandi magari mara nyingi.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuja mchana, tukiwa darasani. Ilipiga bati ghafla mpaka mwalimu akaacha kuongea, maana hasikiki. Nakwambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala kabla, wala baadaye. Wenzangu wa Jumamosi waligeuka kunitazama kutoka kila kona ya darasa, nami nikawatazama. Sote tulikuwa tunaiona ile kamba inajivuta, rimu inazunguka, turubai linatambaa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, anatazama mvua, mikono nyuma ya mgongo, anatabasamu peke yake.

Ilipopungua alituruhusu, na yeye mwenyewe akaja nasi. Tulikimbia kwenye matope tukisukumana.

Turubai lilikuwa limekunjwa mahali pake. Dagaa walikuwa wameshuka kwenye wavu, wamekuwa uji, wengine wanateleza mchangani wakirudi ziwani. Bibi alikuwa ameketi chini, mguu umekunjika upande, jirani amemshika kichwa na kumfunika na kanga yake. Na lile jicho la kushoto lilikuwa linawaka, kijani, angavu kabisa.

Mwalimu alipiga goti kwenye maji.

"Bibi, pole. Bibi, mbona hukuwasha?"

"Si ulisema, mwalimu?" Alikuwa anatetemeka, lakini alijibu kwa adabu, kama mwanafunzi. "Jicho niliona liko macho. Lakini nimeangalia chanja yote, fulu hakuna hata mmoja. Wameleta dagaa watupu. Nikasema, mwalimu alinikataza, nikiwasha nitaiua. Nikaja kuvuta mwenyewe."

Mmoja wetu alicheka. Mwalimu alikuwa bado anamtazama Bibi, haelewi. Kwao Bukoba yule samaki ana jina lingine. Mimi ndiye niliyemwambia, pale pale, fulu ni nini. Nilimwona jinsi lilivyomwingia. Kisha akafanya kitu ambacho hatukuwahi kumwona akifanya: alitoa mikono yake, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja kutoka mchangani na kuwaweka kwenye ndoo, dagaa ambao hawafai tena.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Mjomba alikuja na gari kama alivyosema, na hakusema "nilikuambia". Ningependelea aseme. Tulipakia godoro, sufuria, ndoo, na mimi na sare yangu. Wenzangu wa chumba cha barafu walikuja wote kutuaga, na mwalimu nyuma yao, amekonda kwa siku chache. Alisogea kwenye gari alipolazwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Usijilaumu. Mashine yenu ni nzuri. Fulu ndio hawakuja."

Mpaka leo sijui kama alisema vile kwa kuwa alikuwa hajaelewa, au kwa kuwa alikuwa ameshaelewa kila kitu. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza kwa miaka mingi. Sikuuliza.

Manyunyu yalianza kudondoka tukiwa bado tunafunga mizigo. Mmoja wa wenzangu alikuwa ameiwasha mashine, labda kutuonyesha, labda kwa mazoea. Mota ikaguna. Turubai likatoka, likatambaa juu ya chanja tupu, likafika mwisho na kusimama pale lilipotakiwa kusimama, bila kosa. Bibi aliinua kichwa kidogo kwenye godoro akaangalia mpaka likamaliza.

"Inavuta vizuri," alisema. Gari likaondoka.

Misungwi nilisoma hadi kidato cha pili. Hakukuwa na chumba cha barafu, wala mtu wa kuniuliza umeme unaingia wapi. Nilijifunza cherehani, ambayo nayo ina mota na mkanda, na ninapoitengeneza mwenyewe huwa nasikia ile sauti ya "mikono ni yenu". Mwalimu alihamishwa, nikasikia. Mmoja wa wenzetu ni fundi wa majokofu mjini, wengine sijui. Chumba cha barafu sasa ni ghala la saruji. Nilipita mbele yake siku ile nikitoka stendi, mlango umefungwa kwa kufuli kubwa, na harufu ya mle ndani, ya waya ulioungua na karatasi ya chumvi, haiko tena popote duniani.

Bibi alitembea tena, kwa fimbo. Alianika michembe ya mjomba na kuisema vibaya. Lakini kila mvua ilipopiga bati, hata kama alikuwa katikati ya maongezi, hata kama alikuwa amesinzia, aliinua kichwa na kuuliza, "Wamefunika?" Watoto wa mjomba walimcheka kwa upendo, wakamjibu ndiyo, Bibi, wamefunika. Mimi sikuweza kujibu. Bibi hakupenda kudanganywa, na Misungwi hapakuwa na chochote cha kufunika. Mchana wa mwisho nilikuwa nimekaa naye peke yangu, mikono yake ndani ya yangu, vidole vyepesi vile vile. Mvua ikaanza. Akafungua macho, akauliza. Nilitafuta la kusema ambalo lingekuwa la kweli, nikachelewa. Akayafumba.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyawaza pale Igombe, juu ya jabali, karibu na nguzo yenye jicho moja. Sikuona mvua inakuja. Nilisikia tu mwanamke mmoja anapiga ukelele, na pwani yote ikainuka. Kina mama wa siku hizi siwajui, wala wao hawanijui. Mmoja, msichana aliyebeba mtoto mgongoni, alikuwa anahangaika na turubai lake kwenye chanja iliyo karibu nami, upepo unamnyang'anya.

"Mama, usinitazame tu, shika huko," akaniambia.

Nikatupa mfuko wangu, nikashika pembe. Tukavuta. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka, na dagaa chini yake walikuwa wamekauka vizuri, wanang'aa. Tuliweka mawe pembeni, nikalala juu ya upande wangu kwa kifua ili upepo usiuinue, mvua inanipiga mgongoni. Kutoka juu, kwenye nyumba za mabati, sauti ya mwanamke mzee ikaita, haionekani ni ya nani.

"Mmefunika?"

Msichana alikuwa anahema, hakujibu. Nikajibu mimi, kwa nguvu, ili isikike juu ya mvua.

"Tumefunika, Bibi."